Picha ya Alhamisi

Kule Mbagala Kizuiani, ukitaka kujua mlango umepigwa msasa na nani, huna haja ya kuuliza. Pitisha kiganja. Kikiteleza kutoka juu hadi chini bila kukwama hata mara moja, huo mlango ni wa Editha. Karakana ile ya kando ya barabara ilikuwa na mafundi seremala kumi na mmoja, wanaume watupu, na wote walijua kukata, kuranda na kutoboa. Lakini msasa na vanishi walimwachia yeye, kwa sababu mwanamume, kama alivyopenda kuwaambia usoni, ana haraka ya kuuza.

Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo. Aliianza akiwa na mimba ya Noela, mwaka ule mumewe alipokwenda Lindi kutafuta mbao, akaona atafute na mke mwingine hukohuko. Editha hakulia hadharani wala hakumfuata. Alijifunga kitambaa puani, akaokota kipande cha msasa, akaanza na mguu wa kitanda. Kwao ni Newala, na watu wa kwao walipokuja kumsihi arudi nyumbani akalelewe, aliwapikia, wakala wakashiba, akawasindikiza stendi.

Alipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Bi Thuraya, mama wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa palepale mbele ya nyumba. Vyumba vilikuwa sita, vimeuzunguka ua wenye bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Kamba hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Chausiku wa chumba cha pili, mwenyeji wa Pugu. Siku ya kwanza waligombana: mmoja kaanika mashuka, mwingine kakung'uta vumbi la mbao. Siku ya pili walicheka. Kuanzia hapo wakawa na utani wao wenyewe, si wa kabila wala wa ukoo, utani wa kamba ya nguo, na haukukatika hata siku moja.

"We mwanamke, vumbi lako limeingia kwenye wali wangu!"

"Wali wenyewe ulikuwa hauna ladha. Nishukuru."

Chausiku alikuwa na mikono. Bibi yake alimfundisha kukanda, na wanawake wa mtaa walimletea migongo, viuno, miguu iliyovimba na shingo zilizokaza. Maji ya moto yenye chumvi, taulo, mafuta ya nazi, kisha kiganja kimoja chini ya kidevu na kingine nyuma ya kichwa, anavuta kwa ghafla mpaka pasikike *ta*. Mtu anainuka anacheka. Hakuna aliyewahi kudhurika, na mtaani hapo hakuna aliyedhani kwamba mtu anaweza kudhurika.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, siku kwa siku, kwa maana siku ndizo zilizokuja kuamua kila kitu.

Jumanne Editha aliamka na maumivu ya shingo upande wa kushoto, yanapanda nyuma ya sikio mpaka kwenye paji. Hakuwa ameanguka. Hakuwa amebeba kitu kizito wala kupigwa na mtu. Alilala mzima akaamka nayo. Akasema moyoni, nimelalia vibaya, akameza vidonge viwili, akaenda kazini.

Alhamisi alikwenda kwa Faraji mpiga picha, karibu na stendi ya bajaji, kupiga picha ndogo za pasipoti. Noela alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha ushonaji, na fomu ya mdhamini ilitaka picha ya mzazi. Editha akajipaka poda, akakaa kwenye stuli, akanyoosha mgongo.

"Mama, fungua macho," alisema Faraji.

"Nimefungua."

"Fungua na la kushoto."

"Nimefungua yote, bwana! Piga."

"Sawa, lakini hilo moja linanikonyeza. Mie nna mke, mama."

Picha zilipotoka kwenye mashine, Editha alizitazama akanuna. Kope ya kushoto ilikuwa imeshuka nusu, kama pazia lililotoka kwenye ndoano. "Mie nina chongo tangu lini? Hizi sizitaki. Kaa nazo. Nitarudi wiki ijayo nikiwa nimelala vizuri." Faraji akaandika tarehe nyuma ya bahasha kama desturi yake, akaitupia kwenye boksi la picha ambazo wenyewe hawajachukua.

Editha hakumwambia mtu habari ya lile jicho. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na baadaye alilijua mwenyewe. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa kazi safi hapendi kuonekana na kasoro. Alhamisi ile na Ijumaa yote alivaa miwani yake ya kazini, ile ya plastiki ya kukinga vumbi, hata uani, hata wakati wa kula. Chausiku akamuuliza kama sasa ametoka kuwa fundi amekuwa rubani. Editha akacheka, wala hakuivua.

Jumamosi asubuhi shingo ilizidi. Akaenda kwenye mlango wa pili.

"We bibi wa Pugu, amka. Nivute shingo hii."

"Inauma tangu lini?"

"Jana tu," alisema Editha. Alijua akisema Jumanne atapelekwa hospitali, akakae kwenye benchi mpaka jioni, na kuna milango minne inamngoja.

Chausiku akachemsha maji, akakanda kwa taulo, akapaka mafuta, akavuta. *Ta.* Editha akainuka, akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Leo umefanya kazi, hongera, kumbe unajuaga," na wote wawili wakacheka.

Saa nane mchana, karakanani, msasa ulimdondoka. Akauokota, ukadondoka tena. Akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Akataka kusema, nipeni maji. Kilichotoka ni "mlango". Fundi aliyekuwa karibu akajibu, "Mlango upi, mama?" Akajaribu tena. "Mlango. Mlango." Mdomo ukaenda upande, mguu wa kulia ukaisha nguvu, na Editha akakaa chini taratibu kwenye maranda.

Hospitalini walimpima presha wakakuta nzuri. Sukari nzuri. Miaka arobaini na minne, si mnene, havuti sigara. Ndipo daktari mmoja kijana akaagiza mishipa ya shingo ipigwe picha. Majibu yalipotoka alimwita kaka mkubwa wa Editha, Deogratias, aliyekuwa amekuja mbio kutoka Segerea, akamwelezea mbele ya kitanda, Editha anasikia kila neno.

"Huu ni mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, upande wa kushoto. Umechanika kwa ndani. Haukupasuka kumwaga damu nje. Ni tabaka la ndani ndilo lililobanduka, damu ikaingia katikati, ikaganda, kipande kikapanda kwenye ubongo kikaziba njia. Ndiyo maana upande wa kulia umelegea na maneno yamepotea."

Editha alielewa kuliko daktari alivyodhani. Ameona plaiwudi ngapi zilizobanduka tabaka! Nje ubao mzima, unang'aa, ndani maji yameshapenya. Akataka kusema, plaiwudi. Ulimi ukamletea "mlango".

"Nini kimesababisha?" aliuliza Deogratias.

"Mara nyingi hatujui. Unaweza kuchanika wenyewe tu, hata kwa mtu mwenye afya."

"Mtu akivutwa shingo je?"

"Inawezekana pia. Na inawezekana kwa kupiga chafya. Na inawezekana bila chochote."

Katika majibu yale matatu, Deogratias aliondoka na lile la kuvutwa shingo peke yake.

Siku kumi na sita baadaye Editha alirudi nyumbani na dawa za kuzuia damu isigande, mguu unaoburutika na mkono unaoning'inia. Chausiku alikuwa amedeki chumba, amefua mapazia, amesimama mlangoni na chungu cha uji. Deogratias akajiweka katikati.

"We mama, rudi kwako."

"Kaka, mie ni mwenzie, miaka yote..."

"Ndo maana. Umeshamvuta shingo mara moja, inatosha."

Akaufunga mlango. Kisha akakaa kitandani karibu na dada yake, akasema kwa upole, kwa sababu alikuwa anampenda, na hilo lazima lisemwe. "Dada, nisikie. Siku ile Jumamosi, Chausiku alikuvuta shingo?"

Editha akajiandaa. Ndiyo, alivuta, lakini shingo ilikuwa mbovu kabla, nilimdanganya, si yeye. Yote hayo yalisimama kooni kwa mpangilio. Akafungua mdomo.

"Ndiyo."

"Yeye ndiye aliyekufanya hivi?"

*Hapana*, alisema Editha kwa moyo wote, na masikio yake mwenyewe yakasikia mdomo wake ukisema, "Ndiyo."

Akashtuka. Akaupiga mto kwa mkono wa kushoto. "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!"

"Basi, basi, usijitese, nimekuelewa," Deogratias alisema, macho yamemlowa.

Noela akaingia na beseni la maji. "Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Editha, safi kabisa, kama siku zote.

"Unaona?" Deogratias akamgeukia Noela. "Kichwa chake kizima. Marahaba kaisema, na ndiyo kaisema. Shahidi gani tena tunamtaka?"

Jioni hiyohiyo alikwenda dukani kwa Bi Thuraya, akasema ama Chausiku ahame, ama yeye amhamishe dada yake ampeleke Segerea, na mtaa mzima utajua ni kwa nini. Bi Thuraya alikuwa mtu wa kufikiri. Alikunja kitambaa alichokuwa anakipima, akasema, "Mwanangu, simtoi mtu kwenye nyumba kwa maneno ya mlangoni. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, tutakaa uani, nisikie kila upande. Nikiridhika, atahama mwisho wa mwezi."

Habari zilizagaa. Wanawake waliokuwa wanamletea Chausiku migongo yao wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mmoja alisema bombani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mikono mingine ni ya kufungia gunia. Chausiku aliinua ndoo kabla haijajaa, akaingia ndani. Chausiku, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa jibu! Editha aliyasikia yote kupitia dirishani. Usiku hakuyasikia maumivu ya bega wala mguu. Alilisikia lile neno *ndiyo*. Lilikuwa limetoka mdomoni mwake na yeye ndiye wa kulirudisha. Zilibaki siku tisa.

Mara tatu kwa wiki alikuja Sekela, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mrefu wa Tukuyu asiyekuwa na huruma ya bure. Alimkuta Editha siku ya kwanza akilia kwa hasira, akamwambia, "Lia, lakini mguu uendelee. Nyanyua." Editha akampenda papo hapo.

Sekela ndiye aliyemweleza Noela. "Salamu, sala, kuhesabu, hivyo hutoka vyenyewe kwa sababu vimezoeleka. Maneno ya kutafuta ndiyo magumu. Na ndiyo na hapana humchanganya sana. Msimwulize kwa mdomo tu, mwangalieni na mkono." Noela alipompelekea mjomba wake maneno hayo, mjomba alisema wataalamu wa siku hizi wana maelezo mengi.

Kwa Editha, Sekela alikuwa na njia nyingine. "Maneno yako hayajafa, mama. Mengine yamefungana kama mabehewa. Huwezi kulipata la katikati, lakini ukilishika la kwanza, mengine yatafuata. Sema siku za juma. Nianze mimi. Jumamosi..."

"Jumamosi," alisema Editha. "Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili..." Akaenda, akaenda, treni haina breki.

"Sasa simama kwenye Jumatatu."

Hakuweza. Alipitiliza mpaka Jumatano. Akarudia. Akapitiliza. Akarudia mara arobaini siku hiyo, na kesho yake kabla watu hawajaamka alikuwa ameshaanza kunong'ona ukutani.

Siku ya nne Sekela alimkamata kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Noela, njoo uone. Mwili umelegea kulia, mdomo umelegea kulia. Lakini kope iliyoshuka ni ya kushoto, na mboni yake ni ndogo kuliko mwenzie. Hili jicho lilianza lini?"

"Sijui, dada. Baada ya kuugua, nadhani."

"Ingefaa tujue. Nyuzi zinazoinua kope hupanda shingoni zimeambatana na ule mshipa. Mshipa ukichanika ukavimba, unazibana. Kwa hiyo siku kope iliposhuka, mshipa ulikuwa umeshachanika. Kama ni baada ya kuvutwa, haya. Kama ni kabla, basi yule jirani yenu alivuta shingo ambayo tayari ilikuwa imeharibika."

Editha alikaa wima kama aliyechomwa na sindano. Alhamisi! Kwa Faraji! Akaonyesha jicho. Akaonyesha mlango. "Mlango," alisema, na safari hii alimaanisha mlango. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akalifumba, akapiga vidole hewani kama mtu anayebonyeza kamera.

"Jicho linamuuma," alisema Noela. "Mama, linauma?"

"Ndiyo!" alisema Editha, akalipiga paja lake kwa hasira.

Noela akakimbia duka la dawa akaleta dawa ya matone. Wakamtia matone. Alipojaribu tena, wakamtia tena. Siku mbili nzima Editha alitiwa matone kwenye jicho lisilouma, na kila chozi lililoshuka, lake au la dawa, lilipanguswa kwa upendo na watu wasioelewa kitu.

Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya kikao, Noela alikwenda sokoni. Deogratias alikuwa kwake Segerea. Editha akaketi ukingoni mwa kitanda, akavaa ndala ya kushoto, akaisukuma ya kulia kwa ile ya kushoto mpaka mguu ukaingia. Dakika kumi. Akachukua fimbo ya ufagio. Akatoka.

Kutoka nyumba ya Bi Thuraya mpaka kwa Faraji, mtu mzima wa afya hutembea kwa muda wa kumenya chungwa. Editha alitumia saa nzima na robo. Mguu wa kulia aliuburuta, ukichora mstari mchangani. Alipofika karakanani mafundi waliacha kazi, wawili wakaja kumshika. Akawainulia fimbo. Wakarudi nyuma, lakini walimfuata kwa mbali, misumeno mikononi, kama maaskari. Kwenye mtaro aliketi, akauvusha mguu kwa mkono kama mzigo, akainuka upande wa pili. Mwendesha bajaji akamwita, "Mama, panda, nakupeleka bure!" Akatikisa kichwa. Akipanda ataulizwa wapi, na wapi yake itatoka *mlango*.

Faraji alimtambua kwa shida. "Mama Noela! Shikamoo! Pole, jamani, tumesikia."

"Marahaba." Editha akaelekeza fimbo kwenye boksi. Faraji akatoa bahasha moja, akatikisiwa kichwa. Akatoa nyingine. Ya saba, ya nane. Ya kumi na mbili ilikuwa yake. Faraji akazitazama zile picha, akamtazama yeye, akakumbuka utani wake, akaona haya.

"Kumbe jicho lako lilikuwa..."

Editha akageuza bahasha. Tarehe ilikuwepo, kwa kalamu nyekundu. Akaitia kifuani, ndani ya blauzi, akakubali sasa kupanda bajaji.

Ijumaa baada ya swala viti vilipangwa uani chini ya ile kamba ya nguo. Bi Thuraya alikaa katikati. Deogratias alivaa shati la mikono mirefu. Chausiku aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ushungi umefunika mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake, kwenye mlango ulioachwa wazi, mizigo ilikuwa imeshafungwa. Alikuwa hajangoja kufukuzwa. Sekela aliombwa na Noela akaja, akasimama pembeni.

Deogratias alisema yake, na aliyasema vizuri. Daktari kasema mshipa umechanika. Shingo ilivutwa Jumamosi asubuhi, mchana akaanguka. Mgonjwa mwenyewe ameulizwa na amekiri.

"Chausiku?" aliita Bi Thuraya.

"Nilimvuta, mama. Sikatai." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mie sina la kusema. Kama mikono yangu ndiyo, basi ndiyo. Hata nikibaki, nitamtazama vipi?"

Hapo Editha aligonga fimbo chini.

Wote wakageuka. Akaitoa bahasha kifuani, akaitoa picha moja kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye mapaja ya Bi Thuraya. Akaweka kidole kwenye jicho la kwenye picha. Kisha kwenye jicho lake.

"Naliona," alisema Bi Thuraya. "Limesinzia. Lini hii?"

Editha akavuta pumzi. Alilishika behewa la kwanza.

"Jumamosi," alisema. "Jumapili. Jumatatu."

"Anahesabu tu," alisema Deogratias kwa huzuni. "Ndivyo anavyofanyaga kutwa nzima."

"Mwache," alisema Sekela.

"Jumanne. Jumatano." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kidole kilirudi juu ya picha. "Alhamisi."

Akasimama hapo.

Kila mtu aliona jinsi ile *Ijumaa* ilivyotaka kutoka, midomo ikaumba *I*, na Editha akaibana kwa meno, akaimeza. Akaigonga ile picha kwa kidole. "Alhamisi," alisema tena, peke yake, bila kuivuta kwa kamba ya mwenzake. Lilikuwa neno la kwanza kulipata kwa kulitafuta tangu siku alipokaa kwenye maranda.

Akageuza bahasha. Bi Thuraya akavaa miwani, akaisoma tarehe kwa sauti.

"Ijumaa," aliendelea Editha, polepole. "Jumamosi." Akasimama tena. Akauburuta mguu hatua tatu hadi kwenye ile ndoo, akaushika mkono wa Chausiku, akauinua watu wauone, akauweka kwenye shingo yake mwenyewe upande wa kushoto. Chausiku alitaka kuuvuta kama aliyegusa moto. Editha akaukandamiza papo hapo.

Sekela ndiye aliyeziba mapengo. Akaeleza habari ya kope na nyuzi na mshipa. "Alhamisi mshipa ulikuwa umeshachanika, picha hii ni ushahidi. Sisemi kuvuta shingo ni vizuri. Ni hatari, na wewe mama usivute tena shingo ya mtu, kanda migongo. Huenda kuvuta kulizidisha tatizo, huenda hakukuzidisha kitu. Hilo hakuna anayelijua. Lakini hakuanzisha yeye. Ulichanika wenyewe."

Deogratias aliichukua ile picha, akaitazama muda mrefu. "Lakini nilikuuliza, dada. Ukasema ndiyo."

Editha akamtazama kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kuhesabu kwa kokoto huko Newala. Akafungua mdomo, akaona kabisa lile *ndiyo* linakuja, limeshika njia yake ya kawaida. Akaufunga mdomo. Akatikisa kichwa, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ikatosha.

Deogratias akainamisha uso. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwa Chausiku, akatoka na godoro lililofungwa kamba. Watu wakashangaa. Akaliweka chini uani, akaanza kufungua mafundo kwa kucha, moja baada ya jingine. "Mama, nisamehe," alisema akiwa ameinama. "Hili fundo umelifunga vibaya sana."

"Limefungwa na mtu mwenye hasira," alisema Chausiku, na ushungi ukamteremka mabegani. Akamgeukia Editha, machozi na makamasi pamoja. "Na we mwanamke! 'Jana tu,' uliniambia. Jana tu! Na miwani ya urubani juu. Muongo mkubwa, hata kiharusi kimekuona muongo kikakunyang'anya maneno!"

Noela alishika mdomo kwa hofu. Bi Thuraya akakunja uso. Lakini Editha bega lilianza kumtikisika, kicheko kikatoka kimepinda upande mmoja, na ndani ya kicheko likatoka neno ambalo hakuna aliyelitafuta, wala yeye mwenyewe.

"Wali," alisema. Akamnyooshea Chausiku kidole. "Wali... wako."

"Wali wangu una nini?"

"Ladha," alisema Editha, akatikisa kichwa, kulia, kushoto.

Wiki iliyofuata fomu ya mdhamini ilipelekwa chuoni. Noela alitaka mama apigwe picha nyingine, kope ikiinuliwa hata kwa gundi ya kope za bandia. Editha akakataa kwa fimbo. Akabandika ileile ya Alhamisi, akasaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi, lakini jina linasomeka. Picha ya pili Chausiku aliigongomea juu ya mlango wake, wanawake wanaorudi kwake na migongo yao wakawa wanaiulizia, naye anawaambia: shingo sigusi, na jicho likisinzia usikae kimya, nenda hospitali.

Karakanani walimwekea stuli. Mkono wa kushoto haukujua kazi. Ulikwaruza, ulichoka, uliacha mistari. Mlango wa kwanza aliurudia mara nne, wiki mbili nzima. Alipomaliza, alimwita yule aliyekuwa karibu siku ile ya maranda.

"Pitisha," alisema.

Fundi akapitisha kiganja kutoka juu. Karibu na bawaba kikakwama kidogo. Akasita, akataka kunyamaza.

Editha alikuwa ameshaona. Akaokota msasa.